Kulungu Aliyefukiwa Bustanini

Kinue alikuwa mwoga, na kijiji kizima kilijua. Wala hakuficha. Aliogopa bahari, ingawa aliolewa kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha la mbele unaiona bahari yote. Aliogopa gari linaporudi nyuma, simu inayolia alfajiri, ngazi, nyigu, na waya wowote wenye umeme. Na siku aliyoletwa kutoka bara, kwa wakulima wa viazi, bibi harusi mwenye mashavu mekundu, alimwogopa mama mkwe wake Bibi Fusa kuliko vyote hivyo ukivijumlisha. Mumewe Kansuke alikuwa akimcheka.

"Wewe ukikutana na kivuli chako njiani utakiomba radhi," alimwambia.

"Kivuli changu hakijawahi kunifokea," Kinue akajibu.

Kansuke yeye hakuogopa kitu, na bahari haikumpata. Alifia kitandani hospitalini, kwa ugonjwa wa tumbo. Mashua ikauzwa. Vilivyobaki ni kisu chake cha kukatia nyuzi, sindano yake ya mbao ya kushonea, na wavu mmoja wa samaki wa samoni, ambao aliushona siku zake za mwisho nyumbani, ameketi kando ya jiko la mafuta ya taa, sindano hiyo mkononi, mgongo umebaki mifupa. Alikuwa na desturi yake ya kuzungusha uzi mara moja zaidi ya wavuvi wengine kabla ya kukaza fundo. Ukipitisha kidole gizani unajua huyu ni Kansuke. Siku ya mwisho aliyoweza kuongea alisema neno moja tu la maana: "Mama asipotee." Kinue akaitikia.

Wavu ule ndio alioufanya uzio wa bustani.

Pwani ile kila mtu hufanya hivyo. Samaki wamepungua, kulungu wamezidi, nyavu zimelala bandani zinanuka. Basi zikatolewa zikafungwa kwenye nguzo, maboya juu, vizito vya risasi chini, na mboga zikakaa ndani kama samaki waliokubali. Bustani ya Kinue ilianzia nyuma ya jikoni ikapanda kilima, ndefu na nyembamba kama mkeka, mpaka penye ukingo wa msitu. Mlango ulikuwa mmoja, huku chini, upande wa nyumba. Ndani kulikuwa na figili nyeupe nene kama mkono wa mtu, kabichi za kutia chumvi kwenye mapipa, na vitunguu vya majani. Kulungu wakiingia usiku mmoja tu, mapipa yanakaa matupu mpaka theluji iyeyuke.

Onodera, mwindaji wa kijiji, aliyekuwa akiogelea uchi na Kansuke utotoni, alipita siku wavu unafungwa. Akaushika, akapitisha mkono mzima kwenye jicho la wavu mpaka kiwikoni.

"Shemeji, macho haya mapana mno. Huu haumzuii kulungu. Unamvua."

"Si anaogopa maboya yakigongana?"

"Anaogopa kwanza. Halafu anazoea. Majani yakianza kuwa mekundu, madume wanatafuta majike na wanasugua pembe kila penye mti. Pembe ikiingia hapa haitoki. Nenda ofisi ya mji wakupe waya wa umeme."

"Mama ataushika."

"Mama akiushika, umeme ndio utakaopigwa shoti."

"Nimesikia," akasema Bibi Fusa, aliyekuwa amechuchumaa nyuma ya kabichi.

"Ndiyo maana nimepaza sauti, Bibi."

Kinue alicheka kidogo, lakini wavu hakuuondoa. Kuuondoa ni kuurudisha bandani ukaliwe na panya, na kila asubuhi alikuwa na tabia ya kupita akigusa mafundo kabla hajafungua mlango wa bustani. Hilo hakumwambia Onodera. Alisema tu kwamba umeme anauogopa, na Onodera akaamini, maana nani asingeamini.

Bibi Fusa ndiye aliyeianzisha bustani ile, na ndiye aliyemfundisha Kinue kila kitu kwa kumfokea. Mbolea yao ni vichwa vya samaki, vinavyofukiwa kati ya tuta na tuta. Mkwe huyu wa bara alipofika alivifukia juujuu, kunguru wakavifukua, na Bibi Fusa akamwita binti wa viazi mbele ya majirani, jina likakaa. Sasa akili ya mzee ilikuwa imelegea kama kamba iliyolowa, lakini mikono ilikumbuka kazi. Akawa anafukia kila kilichokufa na kila alichodhani kimekufa. Alifukia kunguru. Alifukia kandambili, rimoti ya televisheni, na siku moja meno yake ya bandia, yakatokea kwenye jembe la Kinue yakiwa yamekenua. Tangu hapo jembe, sepetu na reki vikafungiwa kwenye kibanda cha zana, na ufunguo Kinue akauvaa shingoni.

Lakini kumzuia asiende bustanini, hapana. Alikuwa na kikapu chake, kitambaa cheupe kichwani, na akiamua kwenda ameshakwenda. Kazi ya maisha ya Kinue ikawa moja: kujua Mama yuko wapi. Akiosha vyombo anageuka. Akiongea na simu anageuka. Hata akimwekea Kansuke wali na ubani mbele ya picha yake anaomba huku jicho moja liko mlangoni.

Vuli hiyo kipaza sauti cha kijiji kilitangaza kwamba dubu ameonekana mtoni akivua samoni, watu wasitembee peke yao, watoto wasindikizwe. Watu wakavaa kengele, ili dubu awasikie mapema akae mbali. Kinue akafunga kengele kwenye kikapu cha Mama. Mama akaifungua.

"Mimi si paka," akasema.

Asubuhi moja ya ukungu, maboya yaligongana vibaya nyuma ya jikoni. Kinue alichungulia kwa upenyo wa mlango. Dume kubwa la kulungu lilikuwa limeruka ndani likanasa kwenye kona ya uzio, pale pale karibu na mlango wa bustani. Matawi ya pembe zake yalikuwa yameingia kwenye wavu, na kila alipojitikisa uzio mzima ulitikisika hadi juu. Pumzi yake ilitoka nyeupe. Jicho lilimwangalia Kinue, akafunga mlango.

Alimpigia Onodera. Onodera alikuwa mbali, amekwenda kumzika dada yake, angerudi kesho.

"Usimsogelee," alisema. "Dume lililonasa lina hasira ya watu kumi. Mama mfungie ndani. Kesho nakuja na kamba."

Siku nzima Kinue aliketi na Mama, akimmenyea machungwa, akimwimbia, akimdanganya kwamba mvua inanyesha. Kila maboya yalipolia mabega yake yalipanda. Alasiri yakanyamaza. Alipochungulia tena, kulungu alikuwa amelala ubavu, shingo imepinda, pembe bado zimeshikwa na mafundo ya Kansuke.

Kesho yake alifungua mlango wa jikoni akashangaa. Mwili wa kulungu haukuonekana wote. Mgongo na miguu ya nyuma vilikuwa vimefunikwa na udongo, majani ya kabichi, magugu yenye mizizi na matawi. Ilibaki shingo na zile pembe.

Kinue akashusha pumzi, akakaribia kucheka. Mama huyu jamani. Ameamka kabla yangu.

Alirudi ndani. Bibi Fusa alikuwa kando ya jiko, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Mama, umemfukia kulungu?"

"Kitu kikifa kinafukiwa," Mama akasema. "Kwenu kwenye viazi hamkufundishwa?"

"Mkubwa vile? Si ungeniita."

"Nikuite wewe, uje uogope."

Yakaishia hapo. Kinue alivaa buti za mpira na glovu, akatoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli la kibanda, akachukua jembe. Akaanza kumfukua kulungu. Hakutaka Onodera aje akate wavu; alijua wanaume na visu vyao, wanakata kwanza wanauliza baadaye. Aliusogeza udongo pembeni, akapiga magoti penye kichwa, akatoa mfukoni sindano ya mbao ya Kansuke na kuanza kulegeza fundo moja moja kutoka kwenye pembe.

Kazi ilikuwa nzuri, akajisahau. Harufu ilikuwa kali, kama ya mbwa aliyelowa na kitu kingine chini yake, lakini madume majira hayo hunuka, hujigaragaza kwenye mkojo wao wenyewe. Uzio ulikuwa umepasuka nyuma ya kulungu, tundu la kupitisha toroli. Akadhani ni yeye aliyepasua akipigania roho yake. Kitu kimoja tu kilimkera. Kunguru walikuwa wamekaa kwenye nguzo na kwenye paa la kibanda, wamejaa, na nyama iko wazi, wala hakuna hata mmoja aliyeshuka.

Pikapu ya Onodera ilisimama mbele ya nyumba. Akasikia akikohoa, akizunguka ukuta, kamba begani.

"Shemeji, nakuletea habari za mazishi, walitupa wali mgumu kama..."

Kinue alisubiri amalizie. Alipogeuka alimwona amesimama mbali, mguu mmoja mbele, kama mtu aliyekanyaga barafu ikalia.

"Nani kamfukia huyo?"

"Mama."

"Mama kamfukia."

"Si unamjua. Anafukia kila kitu."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa jem..." Kinue akaanza, na mkono wake ukaenda wenyewe shingoni, kwenye ufunguo.

Sasa Kinue aliona alichokuwa akikiangalia asubuhi nzima. Udongo haukuchimbwa, ulikwanguliwa, kutoka pande zote, kwa mistari mirefu iliyokaa pamoja kama meno ya reki. Magugu yale hayakuwa ya bustanini. Yalitoka nje ya uzio, yameng'olewa na mizizi yake, yakapitishwa kwenye tundu.

"Simama polepole," Onodera alisema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Usikimbie. Vua glovu, ziache hapo. Njoo kinyumenyume. Hivyo hivyo."

"Nimemfukua, Shemeji."

"Naona."

"Nimemfukua chakula chake."

"Ndiyo. Njoo."

Alikwenda kinyumenyume, akijikwaa kwenye buti zake. Onodera alimshika mkono wakazunguka nyumba mpaka kwenye pikapu. Onodera alitembea akigeuka nyuma, na hilo ndilo lililomtisha Kinue zaidi.

"Dubu akifukia kitu ni chake," Onodera alisema. "Haendi mbali. Hulala mahali anapoweza kukinusa. Mimi nimekuja na kamba tu, bunduki iko kabatini nyumbani. Nakwenda na kurudi. Wewe ingia, funga milango yote, piga simu polisi, waambie wawaite na wawindaji wenzangu. Akija mwache ale. Hata akila bustani nzima mwache."

"Na ananiona sasa?"

Onodera aliwasha gari. "Ingia ndani, Shemeji."

Kinue akaingia. Alifunga mlango wa mbele kwa komeo, akaenda moja kwa moja kwenye simu ukumbini, akapiga. Kijana wa kituoni aliuliza jina, akauliza nyumba, akauliza dubu mwenyewe ameonekana au hakuonekana.

"Hakuonekana. Amefukia."

"Amefukia nini, mama?"

"Kulungu. Nyuma ya jikoni. Naye..." Kinue akageuka, kama alivyozoea kugeuka.

Mto wa kukalia kando ya jiko ulikuwa mtupu. Kikombe kilikuwa kwenye mkeka, chai aliyojimiminia upya bado inatoa moshi. Msumari wa kikapu ulikuwa hauna kikapu. Na mlango wa jikoni, aliouacha wazi mwenyewe alipotoka kwenda kuchukua jembe, ulikuwa unacheza na upepo.

"Mama? Mama, bado upo?" kijana akauliza kwenye simu.

Nje maboya yakagongana, mara moja.

Kinue aliiacha simu ikining'inia. Alitambaa mpaka mlango wa jikoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kabichi. Mbele yake, penye tundu la wavu, palikuwa na kitu ambacho kwanza alidhani ni rundo la udongo alilolikwangua mwenyewe. Rundo likapumua. Likawa na mgongo, manyoya yenye matone ya maji, na masikio mawili madogo ya mviringo. Ikasikika sauti ya kitu kigumu kikivunjwa taratibu, kwa nafasi, na mtu asiye na haraka.

Na kule juu kabisa mwa bustani, kwenye tuta la mwisho la figili, kitambaa cheupe kilikuwa kinainama na kuinuka.

Mlango wa bustani uko huku. Dubu yuko huku. Mama yuko ndani ya wavu uliofungwa imara, mafundo yenye mzunguko wa ziada, risasi zimezikwa ardhini ili hata sungura asipite chini. Kinue aliufunga mwenyewe. Mama asipotee. Basi hakupotea, yuko pale, anaonekana.

Alirudi ndani akitambaa. Mbele ya picha ya Kansuke kulikuwa na wali wa asubuhi na kile kisu cha kukatia nyuzi. Alikichukua. Aliiinamishia picha kichwa, akaondoka.

Alitoka kwa mlango wa mbele, akazunguka upande wa pili wa nyumba, akashuka kwenye mfereji wa maji unaopanda kando ya uzio kwa nje. Maji yalimfika kwenye vifundo. Alipanda ameinama, paji la uso karibu ligonge magoti, mkono mmoja ukishika ukingo. Upande wake wa kulia, nyuma ya wavu na vitunguu, ile sauti ya kuvunja iliendelea. Ilipokatika, naye alisimama. Ilipoanza, alipanda. Alijiambia atapanda mpaka nguzo ile tu, akifika nguzo ile asipoweza atarudi. Akafika, akajiambia nguzo nyingine. Njia nzima alikuwa mtu wa kurudi.

Bibi Fusa alikuwa anang'oa figili, anaipiga kwenye kiganja kuondoa udongo, anaipanga kikapuni, jani upande mmoja.

"Mama," Kinue alinong'ona kwenye wavu.

"Ah, umekuja. Lete beseni, hizi zimejaa."

"Mama, sauti."

"Mbona unajificha mtaroni kama chura?"

Chini kule kuvunja kukakatika. Kinue hakuangalia. Alishika wavu karibu na ardhi akaweka kisu. Fundo la kwanza lilikataa. Alikata la pili, la tatu. Uzi wa Kansuke ulikuwa mgumu na ulilia kila unapoachia.

Bibi Fusa aliinuka. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa siku za binti wa viazi.

"Unakata wavu wa mwanangu."

"Nitaushona, Mama."

"Hujui kushona. Mafundo yako yanateleza."

"Utanifundisha. Njoo hapa, inama, pita."

"Sipiti kwenye tundu, mimi si kulungu. Kuna mlango." Akageuka kuelekea mlangoni, kikapu mkononi, akaanza kushuka. Akasimama. Ukungu ulikuwa umefunguka kidogo, na dubu alikuwa amesimama kwa miguu miwili juu ya mzoga, pua juu, anatafuta harufu.

"Nani yule?" Mama akauliza.

Kinue angesema dubu, Mama angempigia kelele na kumrushia figili, kama alivyofukuza dubu mara moja ujanani, hadithi inayojulikana kijiji kizima.

"Mgeni," akasema.

"Mbona hajabisha hodi?"

"Yuko kwenye chakula, Mama. Anakula. Tusimkatize."

Bibi Fusa alifikiri. Kumkatiza mtu anayekula ni utovu wa adabu, na kwa adabu hakuwa na mchezo. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kule chini, kama anavyowasalimu majirani, akarudi taratibu kwenye uzio na kusema, safari hii kwa mnong'ono, "Basi tumwache. Shika kikapu."

Kinue alikata kamba ya chini, ile yenye risasi, mpaka kisu kikamkata na yeye kidole. Alishika kikapu. Alishika kiwiko chembamba kama fito, akavuta. Mama alipita akikwaruzwa, kitambaa kikabaki kwenye uzi. Wakashuka mtaroni wote wawili, na ndipo Kinue aliposikia pumzi: fuu, fuu, kisha kishindo cha kiganja kikipiga ardhi.

Alimlaza Mama chini kwenye ukingo, akalala juu yake, akamziba mdomo kwa kiganja chenye damu. Miguu yao ilikuwa majini.

Dubu hakuja mbio. Kilikuja kishindo cha kuburuta. Alikuwa amemshika kulungu shingoni na anapanda naye, ndani ya bustani, kurudi nyuma nyuma, na pembe zilikuwa bado zimenasa, kwa hiyo uzio ulikuja pia. Nguzo ziling'oka moja baada ya nyingine. Kabichi zililaliwa. Maboya yaligongana yakifuata, ko, ko, ko, yakipanda kilima. Alipita karibu nao mno hata Kinue aliona figili ikipondwa chini ya kiganja, na kucha nyeupe nje ya manyoya, ndefu, zimekaa kama meno ya reki. Kati yao palikuwa na wavu tu, nao ulikuwa unakwenda zake.

Alisimama alipofikia tuta la juu. Alinusa kitambaa cheupe. Kinue alisikia akikinusa, muda mrefu. Chini ya kiganja chake midomo ya Mama ilikuwa inasogea, na aliomba kwa kila aliyemjua, kwa mababu wa nyumba hii ambao siku zote aliona ni wageni kwake, kwamba isiwe inasogea ili kumkaribisha mgeni.

Kisha dubu alipita kwenye tundu alilolikata yeye, akaingia msituni. Maboya yakamfuata. Ko, ko, mbali zaidi, halafu mbali zaidi, mpaka mtu asijue kama anasikia au anakumbuka.

Onodera aliwakuta wameketi mtaroni, Bibi Fusa akiwa ameshika figili moja kwa majani, Kinue akishindwa kufungua vidole alivyomshikia. Bunduki ilikuwa mkononi, na wenzake wawili nyuma. Aliangalia tundu, akaangalia kisu.

"Nani kakata?"

"Binti wa viazi," akasema Bibi Fusa. "Na kasema ataushona."

Onodera alitaka kutania, ilionekana mdomoni. Akavua koti lake akawafunika.

Walimfuata dubu siku ile na nyingine. Waliokota maboya njiani, hapa moja, pale moja, mpaka juu kwenye mianzi minene ambako mbwa walikataa kuingia. Dubu hawakumwona. Wavu haukurudi. Kinue alipoletewa maboya aliyapanga chini ya picha ya Kansuke, na boya moja lilikuwa na kipande cha uzi chenye fundo.

Uzio mpya hakuweka. Ofisi ya mji walileta waya wa umeme, Onodera akajitolea kuufunga, Kinue akasema asubiri. Watu walidhani ni uoga wake wa umeme. Figili na kabichi zilizopona alizitia chumvi kwenye pipa moja, zilizobaki akaziacha shambani.

Kulungu walianza kuja mchana, majike na watoto wao, wakiingia popote wanapotaka. Kinue huketi dirishani na Mama, mlango wa jikoni umefungwa makomeo mawili, wakiwaangalia.

"Wanakula kabichi zetu," Mama husema. "Huwafukuzi?"

"Waache wale, Mama."

"Mwoga wewe."

"Ndiyo."

Huwaangalia vichwa. Vichwa vikiwa chini, naye humenya machungwa, humpa Mama kipande, hula kipande. Lakini mara nyingine, bila sauti yoyote anayoisikia yeye, vichwa vyote huinuka pamoja na masikio yote hugeukia msitu. Hapo Kinue huweka chungwa chini. Hunyoosha mkono bila kugeuka, akapapasa kwenye mkeka mpaka apate upindo wa kimono ya Mama, akaushika.